Aliyechora Anyamaze

Mchoro wa Sesilia ulipotundikwa ukutani, Cleopa alisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya ile mingine. Cleopa alikuwa karani wa ghala la pamba, mtu wa kupima maneno, na darasa lilikuwa limezoea kumsubiri. Akasema huu ulikuwa mchoro wa kwanza siku hiyo aliouelewa kabla ya kuelezwa. Aliona nyuki, aliona mzinga, na vyote viwili vilikuwa vimetoka katika mstari mmoja. Kisha akageuka na kutabasamu kuelekea benchi la nyuma.

"Huu ni wa Hilda," alisema. "Mkono wake nimeshaujua."

Hildegarda, ambaye kila mtu alimwita Hilda, aliinamisha uso. Hakuweza kukana. Kanuni ya darasa ilikuwa kwamba michoro inatundikwa bila majina, na aliyechora ananyamaza, wala hakuna anayekiri au kukana, mpaka wenzake wote wamalize kusema wanachokiona. Sesilia, dada yake, aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega, naye hakuweza kusema. Akakaa akisikiliza kazi yake ikisifiwa kwa jina la mdogo wake. Bibiana, aliyekuwa akiwafundisha akina mama wa mjini kushona, alisema msichana huyu ana jicho. Mwinshehe, mchora vibao wa sokoni, alitikisa kichwa kukubali, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Wote walipomaliza, Mwalimu Onesphory aliomba aliyechora asimame. Sesilia akasimama.

"Aa, kumbe ni dada mtu," Cleopa alisema, akaongeza haraka kwamba basi wamefundishana, mikono yao inafanana. Watu wakacheka, kicheko kisicho na ubaya. Kisha Mwinshehe akautazama tena mchoro uleule, akasema sasa anaona miguu ya nyuki ni myembamba, ikichongwa kwenye muhuri itakatika. Bibiana naye akaona mzinga umeinamia upande. Muda mfupi uliopita hakuna aliyekuwa ameona lolote kati ya hayo. Sesilia aliitikia kila neno kwa "nimesikia, ndugu," akakaa, na hakumtazama Hilda mpaka darasa lilipokwisha.

Njiani kurudi nyumbani Hilda alimshika mkono, akasema Cleopa amekosea vibaya, na kwamba yeye mwenyewe asingeweza kuchora nyuki wa namna ile. Alisema kweli alivyoona. Sesilia alijibu kwamba haidhuru, akautoa mkono wake ili ajifunge vizuri kanga.

* * *

Ulikuwa mwaka ambao vijiji vilikuwa vikiandikishwa. Kila kijiji kilitakiwa kiwe na duka lake, ghala lake na muhuri wake, na wakubwa walikuwa wameona kwamba gunia la kijiji kimoja lisichanganywe na la kingine, kwa hiyo pawe na nembo ambayo hata asiyejua kusoma ataitambua. Ndipo Onesphory alipotumwa Kilosa kutoka Morogoro, akapewa ukumbi wa maendeleo kila alasiri, watu wakishatoka shamba. Alikuja na karatasi za manila, rangi za maji, na tabia ya kuuliza "Unaona nini?" badala ya kusema anachokiona yeye.

Kwanza walichora nembo za vitu visivyokuwapo, kwa kujifunza tu: kiwanda cha sabuni ambacho hakuna aliyekijenga, kampuni ya mabasi isiyo na basi, chama cha wafuga nyuki wa mahali pasipo na jina. Kila mchoro ulitundikwa, ukasemwa, akarudishiwa mwenyewe, akaurekebisha, ukatundikwa tena. Mzee Kasiani, baba wa akina Sesilia, alipoelezwa hayo alisema wanachorea hewa. Lakini hakuwakataza kwenda.

Kasiani alikuwa ametoka Mahenge akiwa kijana kuja kukata mkonge katika mashamba ya Kimamba, akakaa huko mpaka toroli lilipomponda mguu. Sasa alikaa barazani kwake Mkwatani, pale Kilosa, na fimbo yake, binti zake wakilima kipande cha mahindi na kipande cha mpunga. Mama yao alifariki Sesilia akiwa darasa la nne. Sesilia aliacha shule amlee Hilda, aliyekuwa hajaanza kutembea; alimbeba mgongoni, akampeleka shule umri ulipofika, akamshonea sare. Hilda akamaliza darasa la saba. Sesilia yeye alijifunza sindano kwa masista, akawa anatia maua kwenye vitambaa vya meza na foronya, wake za watumishi wa reli wakinunua. Maua hayo aliyachora kwanza kwa penseli, na Hilda alijifunza kuchora kwa kukaa kando yake akiifuata mistari kwa kidole.

Sesilia ndiye aliyesikia habari za darasa. Alimchukua mdogo wake ili asitembee peke yake jioni. Na tofauti yao aliiona yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, wala haikuwa ya mkono. Hilda alipoambiwa mchoro wake una kasoro, aliyapokea maneno kama mtu anayepakuliwa chakula. Aliinama, akafuta, akachora tena pale pale watu wakimtazama, na mchoro ukawa bora. Sesilia kila neno lilimfinya. Alilipeleka nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo, na aliporekebisha alirekebisha kwa hasira ya kutaka kuwanyamazisha waliosema. Mara nyingi alifanikiwa. Lakini ilimgharimu, na aliona Hilda haimgharimu kitu.

Kuanzia siku ya nyuki akawa anahesabu. Hilda akitajwa kwanza, alijua. Mwalimu akisimama nyuma ya Hilda muda mrefu, alijua pia, hata akiwa amegeuka. Aliponyamaza katika kazi za nyumbani, Hilda alidhani amechoka, akamnyang'anya ndoo, akaenda mtoni badala yake. Na wema huo ukamchoma zaidi, kwa sababu hakuwa na pa kuuwekea lawama.

* * *

Mwishoni mwa masika Onesphory aliwaambia kwamba sasa wataacha kuchorea hewa. Kijiji kimoja cha Mikumi, kando ya barabara kuu, kilikuwa kinajenga mgahawa na duka kwa ajili ya madereva wa malori yaendayo Zambia, na kilitaka nembo. Kila mmoja achore. Michoro itapelekwa Mikumi, na wanakijiji wenyewe watachagua. Kisha akasema jambo la pili, kwa sauti ileile. Karakana ya kuchapa magunia na vitambaa huko Morogoro ilikuwa imemwomba mtu mmoja kutoka darasa hili, wa kuajiriwa. Atampeleka yule ambaye nembo yake itachaguliwa.

Mwinshehe alikohoa. Bibiana alisema yeye ana watoto na cherehani, hana pa kwenda, na watu wakacheka kidogo. Cleopa alikunja karatasi yake polepole. Na Sesilia aliona, au alidhani ameona, kila uso ukigeukia kwa Hilda.

Jumanne iliyofuata Hilda alitundika mchoro wake wa kwanza. Ulikuwa mti mmoja tu wa mkumi, ile miti mirefu iliyoipa Mikumi jina, shina jeusi lililonyooka, na juu yake majani yamefunguka kama mkono unaomsimamisha mtu njiani. Chini mstari mmoja, barabara. Basi.

Wenzake wakaanza kusema. Bibiana aliona mti, akaona na kiganja, na hakujua alianza kuona kipi. Cleopa alisema mtu akipita na gari kwa kasi ataona jambo moja, na jambo hilo litamtosha. Mwinshehe alisema shina linenepeshwe, la sivyo rangi ya ubao italimeza. Hilda alipoitwa kusimama alikuwa tayari ameshika penseli. Akalinenepesha shina palepale, na watu wakaguna kwa kuridhika.

Mchoro wa Sesilia ulikuwa chungu juu ya mafiga, moshi ukipanda. Wakasema ni mzuri, moshi upunguzwe. Alirudi nyumbani akaupunguza.

Jioni hiyo Mzee Kasiani aliulizia habari za Mikumi, na Hilda alimweleza yote, karakana na ajira. Mzee alifurahi kuliko walivyomwona kwa muda mrefu. Alisema Morogoro si mbali, kuna treni. Akasema paa la nyumba litapata bati. Halafu akamgeukia binti yake mkubwa aliyekuwa akichochea moto, akasema kwa upole, kama mtu anayepanga jambo lililokwisha kukubaliwa:

"Wewe Sese utabaki na mimi. Si unaujua mguu wangu."

Hilda alisema haraka kwamba hakuna aliyechaguliwa bado, na dada naye amechora. Mzee akasema ndiyo, ndiyo, naye amechora. Sesilia aligeuza ugali. Hakuna aliyemuuliza kitu kingine, naye aliwapakulia, akala, akaosha vyombo, na ndani ya kifua chake kitu kilikaa kizito kama jiwe la kusagia.

* * *

Siku mbili kabla ya safari, mchana, Hilda alimfuata uani akiwa na mchoro wake wa mwisho uliotiwa rangi. Aliutandaza juu ya mkeka, akauzuia pembe kwa vikombe ili upepo usiupeperushe.

"Dada, niambie," alisema. "Wale wanasema vizuri, lakini wewe ndiye ninayekuamini."

Sesilia aliutazama. Ulikuwa umekamilika. Alilijua hilo kwa namna alivyojua mshono uliokaa sawa, kwa kuwa jicho lilipita juu yake bila kukwama. Kilichomuuma zaidi ni kwamba shina lile alilijua. Ndivyo yeye alivyokuwa akianza mabua ya maua yake, toka chini kwenda juu bila kuinua penseli. Mtoto aliyefundishwa naye alikuwa amekichukua chake, akakifikisha mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kufika.

Akageuza uso kuelekea ua wa jirani, akaanza kusema. Alisema polepole, kwa sauti ya dada. Alisema watu wa kijiji si kama watu wa darasani. Mti mmoja wataona ni umaskini, watauliza wao wako wapi. Kuna wafugaji pale, wasipoona ng'ombe watasema wamesahauliwa. Kuna wakulima, watataka jembe. Mgahawa nao hauonekani, itafaa kuweka sahani, na pengine lori. Na mwenge ungependeza, maana viongozi watakuwapo.

"Vyote hivyo?" Hilda aliuliza.

"Mimi nakwambia ninavyoona. Uamuzi ni wako."

Hilda alikaa akimtazama. Sesilia alihisi anatazamwa, lakini macho yake aliyaacha kulekule uani kwa jirani, ambako kulikuwa na kuku tu. Mwishowe Hilda alisema, "Sawa, dada. Ahsante," akaviondoa vikombe kimoja kimoja, akakunja karatasi.

Kutwa nzima ya kesho yake Hilda alikaa chumbani na rangi zake. Sesilia alipita mlangoni mara kwa mara. Alimwona ng'ombe akitokea, kisha jembe, kisha gurudumu la lori likibanana na shina. Kila alipopita alijiambia kwamba akipita tena atasema acha, nilikosea. Kila alipopita tena aliuliza kama Hilda ameshakula.

* * *

Lori la wilaya liliwachukua asubuhi, wanadarasa na michoro yao, wakaketi juu ya magunia matupu. Njia ipitayo kijiji cha Ulaya ilikuwa na mashimo ya masika. Hilda alikaa karibu na dada yake, begi mapajani, na mara mbili tatu alimgeukia kama mtu anayetaka kuulizwa jambo. Sesilia alizungumza na Bibiana habari za nyuzi. Walipofika Mikumi jua lilikuwa limepanda, na lami ya barabara kuu ilikuwa inang'aa.

Mgahawa ulikuwa haujaezekwa. Onesphory aliitundika michoro kwenye ukuta wa mbele, akawaomba wanakijiji wavuke barabara wasimame upande wa pili, waone kama dereva atakavyoona. Walisimama wengi, wazee wenye fimbo, akina mama na watoto mgongoni, wafugaji wachache waliojitenga kidogo. Lori la mafuta likapita katikati, likawafunika vumbi, na lilipokwisha kupita mwenyekiti wa kijiji akauliza, kama alivyofundishwa, wanaona nini.

Mzee mmoja alinyoosha fimbo. Akasema ule pale wenye rangi nyingi yeye haoni kitu, anaona kama duka lililobomoka. Watu wakacheka. Mama mmoja alisema pengine ni soko. Mwingine alisema kuna ng'ombe, na mwenzake akamwambia si ng'ombe, ni lori. Mfugaji mmoja alivuka barabara akaukaribia, akarudi akasema ni ng'ombe kweli, ila amepandwa na mti. Wakacheka tena, na safari hii hata mwenyekiti alicheka.

Hilda alisimama kando ya ukuta na wenzake, mikono nyuma. Aliyechora ananyamaza. Mwinshehe aliukodolea macho ule mchoro, halafu akamkodolea yeye.

Walipofika kwenye chungu, mwanamke mmoja mnene aliyekuwa amechaguliwa kuwa mpishi alisema yeye anaona chungu, na anaona njaa yake. Wengi wakaitikia. Wakaambiwa wanyooshe mikono, na mikono mingi ikanyooka kwa chungu.

Kisha waliochora wakaitwa kusimama mmoja mmoja. Sesilia alipigiwa makofi, mpishi akamshika mkono asiuachie. Hilda aliposimama, Mwinshehe hakuweza kujizuia.

"Jumanne ulikuwa na mti mmoja," alisema. "Nani kakwambia uweke vyote hivi?"

Sesilia alihisi mkono wa mpishi ukiwa na joto katika mkono wake.

"Hakuna," Hilda alisema. "Niliamua mwenyewe."

Mwinshehe akasema ni hasara, akatazama barabarani. Onesphory alimtazama Hilda, kisha akamtazama Sesilia muda kidogo zaidi, akaanza kuitundua michoro.

* * *

Nyumbani Mzee Kasiani alishangaa, akajaribu kuufanya mshangao uwe furaha. Alimpongeza Sesilia. Baadaye akauliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, imekuwaje kwa Hilda. Hilda akamjibu kwamba wa dada ulikuwa bora, akaenda kuchota maji.

Siku zilizofuata Sesilia alingoja kulaumiwa. Alingoja mlango upigwe, chombo kivunjike. Badala yake Hilda alimsaidia kukusanya nguo, akampigia pasi gauni la misa, akauliza kama Morogoro kuna baridi. Alimwamkia kila asubuhi shikamoo dada kama siku zote. Jumapili baada ya kanisa walikwenda mto Mkondoa kufua, na hapo ndipo, wakiwa wameshika ncha mbili za shuka wakilikamua, Sesilia aliposhindwa kuvumilia.

"Ulijua?"

Hilda hakuuliza anasema nini. Alilizungusha shuka mpaka maji yakaisha kutoka.

"Nilijua ulipokuwa unaniambia. Huwa ukisema juu ya mchoro unautazama mchoro."

"Sasa kwa nini ulifanya?"

"Nilitaka kuona kama utaniacha niende nao vile." Alilitandika shuka juu ya majani, akalinyoosha pembe. "Ule wa kwanza sikuuchana. Nilikuwa nao begini mpaka Mikumi. Nilikungoja ukipita mlangoni, nikakungoja kwenye lori. Ungesema neno moja tu, ningeutundika ule."

Sesilia alikaa juu ya jiwe. Alitaka kusema habari za shule aliyoiacha, na mgongo uliombeba mtu, na baba aliyekwisha kumgawia mguu wake autunze. Yote yalikuwa kweli. Lakini alipotafuta pa kuyaanzia aliona kwamba Hilda anayajua, na ameyajua siku zote, na kama angeyasema kabla, pengine mdogo wake angempa nafasi ile kwa mikono miwili. Alisema tu kwamba atakwenda kwa Mwalimu aeleze.

"Kamweleze," Hilda alisema. "Mimi sikukatazi. Tumalize nguo kwanza."

Alikwenda kweli, ingawa si siku ile. Alimweleza Onesphory yeye mwenyewe akiwa ameshafika Morogoro, ameshapewa meza yake karibu na dirisha la karakana, siku Mwalimu alipopita hapo. Onesphory alimsikiliza akifuta brashi. Akasema alishuku tangu pale barabarani. Kijiji kimeshachora chungu kwenye ubao wao, madereva wameanza kupaita Chunguni, na hawezi kuwaambia wafute. Sesilia alimuuliza kama mti ule wa kwanza ungetundikwa, chungu kingechaguliwa. Onesphory alifikiri kwa uaminifu.

"Sijui," alisema. "Wala wewe hutajua."

* * *

Alirudi Kilosa Pasaka, na bati la kwanza lilikuwa tayari juu ya paa kwa fedha alizotuma. Mzee Kasiani alimpokea barazani kama mgeni wa heshima, akamsifu mbele ya majirani. Ndiye Hilda aliyekuwa akiutunza mguu wa baba sasa, na asubuhi alifanya kazi na Mwinshehe, wakichora vibao vya maduka na namba za malori. Mikono yake ilikuwa na rangi kwenye kucha.

Siku ya kuondoka Sesilia alitoa karatasi kutoka begini. Wakulima wa miwa wa Kidodi walikuwa wameagiza nembo, na mchoro ulikuwa umemkwamisha. Pale karakanani watu walimwambia ni mzuri. Alikuwa dada mkubwa kati ya vijana, nao walimheshimu mno kumwambia zaidi. Aliutandaza mbele ya Hilda aliyekuwa akichambua mchele, akauliza anaona nini.

Hilda aliweka ungo chini, akapangusa mikono. Aliutazama kwa utulivu, karibu, kisha kwa mbali. Sesilia alimtazama usoni akitafuta dalili ya kisasi na hakuiona.

"Naona muwa, naona mkono," Hilda alisema. "Sijui mkono unakata au unapanda. Na hili jua litoe. Kila mtu anaweka jua. Likitoka, muwa utasimama wenyewe."

Sesilia aliliziba jua kwa kiganja. Muwa ukasimama. Ilikuwa hivyo tu, na yeye alikuwa ameuhangaikia mchoro ule wiki nzima. Alihisi lile jiwe kifuani likigeuka, halijaenda popote.

"Umeona sawa," alisema. Ilimchukua nguvu kusema, lakini alisema. Kisha akauliza, "Na wewe siku hizi unachora nini?"

"Nachora. Vibao, na vyangu vyangu."

"Nionyeshe."

Hilda aliuinua ungo wake tena, akautikisa, pumba zikaruka.

"Vya kukuonyesha wewe sina, dada."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anavyomwambia jirani kwamba leo chumvi imekwisha. Mchele ulipokuwa safi aliufunga katika kitambaa, akampa akale Morogoro, akambebea begi mpaka stesheni. Treni ilichelewa. Walikaa kwenye benchi wakizungumza habari za mguu wa baba na mpunga ulioliwa na ndege, na yeyote aliyewasikia angesema hao ni ndugu wanaopendana, wala asingekosea. Treni ilipoanza kuondoka Hilda alitembea nayo hatua chache, akapunga mkono, akageuka kwenda zake.

Sesilia alipata kiti dirishani. Alikunjua mchoro wa Kidodi, akachukua penseli, akalifuta jua. Akautazama muwa uliobaki. Kisha akaanza kutafuta kosa katika yale aliyoambiwa, neno kwa neno, na alilitafuta mpaka treni ikaingia Kimamba, asilione.